Kisanduku Chenye Hakina Picha

ALBERT: Alo? Goreth? Ni weye?

GORETH: Ni miye. Nani uyu?

ALBERT: Mwalimu Albert, wa Baraka! Habari ya kambi ya Lusenda, mwanangu? Mama iko muzima?

GORETH: Mama iko. Miaka mbili haukunipigia, Mwalimu.

ALBERT: Kazi, mwanangu, kazi mingi... [anacheka kidogo] Ulisikia kitabu yangu?

GORETH: Ile ya picha. Nilisikia.

ALBERT: Kesho tunaitoa kwa batu hapa Baraka. Bakubwa banatoka Fizi, bengine Uvira. Na Madame Félicité, mwenye alichapisha, alifika jana toka Bukavu.

GORETH: Félicitations.

ALBERT: Aksanti. Sasa... mu banafunzi bangu bote, we ndiye ulikuwaka muzuri ku kuchora—

GORETH: Kaye yangu ya kuchorea iko wapi?

ALBERT: Kaye gani?

GORETH: Yenye nilikuachia uangalie picha zangu.

ALBERT: Hiyo tutaongea. Sikia kwanza. Kila page iko na kisanduku moja ya picha, ndani bila kitu. Nyeupe tu. Madame ananiuliza: sababu gani? Na kesho ataniuliza mbele ya batu.

GORETH: Ulimujibu nini?

ALBERT: Nilisema... ni style.

GORETH: [kikombe inagonga meza]

ALBERT: Goreth?

GORETH: Jina yako iko juu ya kitabu. Labda wino ilikuishia.

ALBERT: Usinifanyie ivyo. Nitakuweka kwa nyuma ya kitabu: "Aksanti kwa Goreth."

GORETH: Ule mama mwenye anauzisha muhogo ku barabara ya Mboko, nani alimuchora?

ALBERT: Tusirudie—

GORETH: Nani?

ALBERT: [sauti ya chini] Ni we.

GORETH: Na mutumbwi?

ALBERT: Ni we! Zote ni we! Umefurahi? Mu kambi nani angeziona? Mi nilizipeleka mbali. Sasa niambie, ile kisanduku ni nini?

GORETH: Fungua page ya kwanza. Batu banaangalia wapi?

ALBERT: Ngoja... Banaangalia... Eh. Bote banaangalia pale peupe.

GORETH: Page zote. Pale ni Irambona, kaka yangu. Tulipanda mutumbwi bane kule Burundi, tukafika huku batatu. Nilikuwa na miaka tisa. Nimejaribu kumuchora. Sura yake haiji tena mu kichwa.

ALBERT: Pole, mwana—

GORETH: Usiniite mwanako. Kila page ni mwaka moja, na kisanduku inakomaa naye. Ya kwanza iko kadogo kama kioo ya mufukoni. Ya mwisho—

ALBERT: Page muzima, nyeupe.

GORETH: Sababu sasa angekuwa mwanaume.

ALBERT: Ile... mi nilifikiri ni kosa. Niliambia bachapaji baitoe.

GORETH: Na baliitoa?

ALBERT: Baliitoa.

GORETH: [kiti inasukumwa]

ALBERT: Lakini aksanti, Goreth. Kweli. Kesho nitaielezea ivyo ivyo. Batu batalia—

GORETH: Hautaelezea kitu. Mama Anastasie, mwenye kuuzisha muhogo, alijiona jana ku tangazo ya kitabu yako. Yeye, kikapo yake, mupaka kovu ya mukono. Akauliza: Albert ananijulia wapi, na ni Goreth alinichora? Akapanda pikipiki leo asubui, akaenda Baraka, akatafuta Madame Félicité.

ALBERT: Akamuambia nini?

GORETH: Akamuleta huku kwetu Lusenda. Tunakunywa chai. Simu yako imelia, nikafungua haut-parleur, bote basikie.

ALBERT: Goreth, usi— mi niko na bibi, na batoto, jina yangu Baraka hii yote—

GORETH: Nilikuwa na jina, pia.

FÉLICITÉ: Bonjour, Albert.

ALBERT: Alo? Alo? Sisikii... rezo inakatika...

FÉLICITÉ: Siye tunakusikia muzuri kabisa. Endelea.