Magurudumu Mapya ya Piano ya Mama Araba

Ndugu waombolezaji, mama yetu Araba Nkum Banafo alizaliwa hapa Saltpond, pwani ya Ghana, Jumanne tarehe 16 Machi 1948, mtoto wa tatu wa seremala Egya Nkum na mkewe Maame Baduwa, akasoma shule ya kanisa, kisha chuo cha ualimu Cape Coast, alikohitimu mwaka 1969, akafundisha muziki hadi alipostaafu mwaka 2008, kisha akawa anafundisha watoto piano nyumbani, na kila Jumapili alipiga piano ibadani.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Kojo Banafo, aliyemnunulia piano yake ya nyumbani, wakajaliwa Fiifi, mwalimu, na Esi, fundi wa injini za mitumbwi.

Februari 2019 Mama alianguka, akaumia uti wa mgongo, miguu ikapooza, akawa wa kulala chumba cha nyuma, ingawa mikono ilikuwa mizima, na piano iko sebuleni, magurudumu yake yameliwa na chumvi ya bahari hata hayazunguki, na wanaume walipoisukuma mguu mmoja wa piano ulitoa mlio ukataka kuvunjika, mashemeji zake wakashauri piano iuzwe, Mama akageukia ukutani, akakataa chakula.

Jumamosi tarehe 6 Aprili Esi alikuja na jeki ya gari, akaiinua piano upande mmoja baada ya mwingine, akaikalisha juu ya magogo, akang'oa magurudumu yenye kutu, akaziba matundu ya skrubu kwa vijiti na gundi, na gundi ilipokauka akatoboa upya, akafunga magurudumu ya mpira, lakini alipofikia la mwisho gogo likateleza, piano ikainama, Kojo akaikinga kwa bega huku akipiga yowe, na kishindo kikafika chumbani.

"Esi! Achana na hilo dubwana! Mkono wako uko wapi?"

"Ninao, Mama, na vidole vyote! Anayelia ni Baba!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Mama wa kwanza.

Jioni piano iliserereka hadi kitandani, Mama akaegemezwa mito, akapiga wimbo mmoja, akaomba kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki, na tangu siku hiyo wanafunzi wakarudi, wakifundishwa pale pale kitandani.

Septemba 2021 moyo wake ulidhoofika, na Jumatatu tarehe 8 Novemba, asubuhi, mwanafunzi akiwa katikati ya somo, alifumba macho bila maumivu, nasi tuliokuwa tukiiogopa siku hiyo tukajikuta tunashukuru.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, wanakwaya, na majirani waliovumilia makosa ya wanafunzi wake yakiingia madirishani mwao.

Mama Araba, umetuacha na nyumba yenye sauti, pumzika sasa, amani iwe nawe.