Siku Spoku Alipogonganisha Viini

Benchi lile liliegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, na kila alasiri lilibeba watu wale wale. Spoku, mwenye karakana, hakuweza kuongea bila kushika kitu mkononi. Kanuni, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa na kifungu cha sheria hata cha kupiga chafya. Na Taratibu, fundi cherehani, aliitwa hivyo kwa sababu kati ya neno lake moja na la pili ungeweza kumaliza kikombe cha kahawa. Tangu mkewe atangulie mbele ya haki, maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi. Leo lakini alikuja na jambo. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, kuchunguza viini vizito vya atomi vinapogongana. Jibu lilitakiwa jioni hiyo hiyo, na binti alikuwa amesema haendi mpaka baba atoe neno.

— Nitamwombeaje jambo nisilolijua? aliuliza Taratibu. Nikiinua mikono niseme, ee Mola, mbariki katika... katika nini?

— Eleza kama alivyokueleza, alisema Kanuni, akakunja nne.

— Kasema kiini kina chembe ndani yake. Kila chembe ina kitu kinaitwa spini. Ni kama vile inajizungusha yenyewe. Sasa viini viwili vikigongana, chembe zinasukumana au zinavutana kutegemea spini zimeelekea wapi.

— Sheria za barabarani hizo! Anayetoka kulia apishwe.

— Wewe Kanuni, acha mahakama yako, alisema Spoku. Hayo ni mambo ya magurudumu. Ndiyo maana cheni hukatika kwenye kona.

— Basi ndiyo maana mke wangu nikielekea kushoto yeye huelekea kulia. Miaka yote namlaumu bure, kumbe ni spini! alisema Kanuni.

— Hujasema kitu. Dunia ingezunguka upande wa pili, sisi tungezaliwa wazee, tunakufa tukinyonya.

— Hilo lina kifungu, alisema Kanuni.

— Lina ushahidi! Ngoja.

Spoku aliingia ndani akatoka na magurudumu mawili. Moja akamkabidhi Kanuni, alishike ekseli huku na huku. Wakayazungusha yote upande mmoja, kwa nguvu, kisha wakayasogeza yagusane. Mipira ilipokutana, kila gurudumu liliruka kivyake kama lililokanyaga moto. La Kanuni lilimponyoka, likabingirika juu ya benchi, likakumba birika la kahawa. Kahawa yote ikaenda kwenye suruali ya mwenye karakana.

— Umeona nguvu hiyo? alipiga kelele Spoku, akirukaruka. Umeiona?

Taratibu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, polepole:

— Kuna kitu kingine aliniambia. Zamani wataalamu walipiga hesabu bila kuitia spini. Hesabu zikaonyesha viini vinagongana, halafu vinapitana tu, kila kimoja na safari yake. Walipoitia, vikaonekana vinapunguza mwendo. Vingine vilivyokuwa vipitane, vikashikana, vikawa kimoja.

Alifuta tone la kahawa kwenye benchi.

— Alipokuwa akinieleza, nilimuwaza mama yake.

Spoku alikamua suruali yake.

Mama mmoja muuza maziwa, aliyefuata baiskeli yake iliyozibwa pancha, alikuwa amesimama pembeni ameshika usukani tangu magurudumu yatoke.

— Shikamooni wazee wangu. Samahani kwa kuingilia. Huyo binti anataka kwenda?

— Marahaba mwanangu. Anataka sana, alisema Taratibu.

— Na nafasi anayo?

— Anayo.

— Sasa anayemzuia ni nani?

Kanuni alifungua kinywa, akakosa kifungu, akakifunga. Spoku alitazama magurudumu. Taratibu alitazama mikono yake, akaona jinsi alivyokuwa akisumbua viini vya watu mchana kutwa, navyo havikuwa na kosa lolote. Akatoa simu mfukoni, akampigia binti.

— Mama, alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita binti yake. Nenda.

— Baba! Kwani spini umeshaielewa?

— Sijaelewa hata kidogo. Mola anaelewa. Nenda, mwanangu.