Kassian Anaondoka, Ratiba Inabaki

Baada ya miaka kumi na tisa katika kampuni ya Paa Letu, hapa Seven Hills, Bwana Kassian Mgaya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, siku ambayo Australia nzima inafunga mwaka wa fedha na sisi tunapumzika kuulizwa nani amehamisha stepla yake.

Alijiunga nasi kama ofisa mikopo, kazi ya kuwatafutia watu benki ya kuwakopesha wanunue nyumba. Wateja walimpenda. Familia zilitoka Bankstown, mtaa wa mbali wenye ofisi kama yetu kila kona, zikapanda treni kuja kwake, kwa sababu aliwaeleza mambo ya riba kwa Kiswahili kilichonyooka na kuwaambia ukweli pale nyumba ilipowazidi kimo. Ila aliongea mno. Mteja aliyekuja na swali dogo aliondoka akiijua pia historia nzima ya goti la Kassian.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni ratiba. Kila sherehe yetu ina ratiba iliyochapwa, na mchapaji ni yeye. Sote tuliokulia Afrika Mashariki tunajua kwamba jambo likishachapwa kwenye ratiba na wageni wakalisoma, hakuna mtu mzima atakayesimama kulikataa. Kassian aliigeuza heshima hiyo kuwa mtego. Katika sherehe moja ya kufunga mwaka alichapa, bila kumnong'oneza mtu: "Mkurugenzi atangaza ufadhili wa kijito." Mkurugenzi wetu, Bwana Nehemia, alikisoma kipengele hicho pilau ikiwa mdomoni. Wageni walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Akasimama, akatangaza, akasifiwa, na tangu hapo anasimulia jinsi wazo hilo lilivyomjia usingizini.

Ndivyo Paa Letu ilivyoanza kuwafadhili watu wa kujitolea wanaosafisha kijito kilicho nyuma ya viwanda, pamoja na darasa la Jumamosi la watoto wa jamaa zetu Warundi, hukohuko kijitoni. Watoto huuliza majina ya ndege kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiswahili, wapende wasipende.

Siku yetu ya kwanza kijitoni lazima isimuliwe, kwa kuwa Kassian mwenyewe ameomba isisimuliwe. Alifika amevaa tai. Akahutubia. Kisha akatuongoza kung'oa magugu, nasi tukang'oa kwa bidii majani marefu membamba yaliyojipanga kando ya maji, tukaiacha vichaka vya lantana vimesimama, maana kwao Kilosa lantana ni uzio wa nyumba na mwenye akili timamu haigusi. Yeye hata aliipogoa vizuri. Anésie wa mapokezi, ambaye alikuwa akijitolea pale kabla yetu, alitukuta tunapongezana.

"Mzee Kassian, mon Dieu! Hizo ndizo native plants, tulizipanda last week! Weed ni hiyo unaitengeneza nywele!"

Kassian alikaa chini palepale, na tai yake. Jumamosi iliyofuata alirudi peke yake kuipanda miche upya, na hajakosa Jumamosi tena, isipokuwa alipofanyiwa upasuaji wa goti. Leo vyura wamerudi, na watoto wanawatambua kwa sauti.

Wakubwa wetu nao wanakipenda kijito, hasa kwenye kalenda ya kampuni. Bwana Nehemia yumo kwenye picha ya Machi, koleo mkononi, viatu vinameremeta. Baada ya picha hiyo kijito hakijamwona. Mwezi uliopita alitukusanya akasema, "Jamani, Kassian akiondoka nani atasimamia? Budget is very tight. Let's wrap it up end of June." Sote tulikasirika. Kamati ya maandalizi ya sherehe hii ya kumuaga ilikasirika zaidi.

Asante, Kassian, kwa wateja uliowaepusha na mikopo ya kuwaumiza, kwa kelele zako, na kwa somo la uchapaji ulilotupa bila kujua. Tutakukumbuka, na stepla yako tutaitunza. Goti lipone, na maisha yaliyobaki yawe Jumamosi tupu.

Wageni waalikwa, baada ya keki kimebaki kipengele kimoja kwenye ratiba, ambayo safari hii tumeichapa sisi, nacho ni hiki: "Mkurugenzi, Bwana Nehemia, atangaza kwamba ufadhili wa kijito unaendelea, na kwamba kuanzia kesho, Jumamosi asubuhi, yeye mwenyewe atashika zamu ya Kassian."

Glavu za Mkurugenzi ziko mezani, kando ya pilau. Tunaomba makofi.

Kokushubila, dawati la mikopo, kwa niaba ya kamati