Baiskeli ya Dishon Uholanzi

Benchi letu la Manyatta liko mbele ya cherehani yangu, na ndiyo sababu sijawahi kumaliza suruali ya mtu kwa wakati. Upande huu hukaa Stesheni, karani mstaafu wa reli, ambaye aliwahi kufika Kampala na kwa hivyo anajua dunia yote. Upande ule hukaa Kengele, kijana wa Bungoma anayebeba watu kwa baiskeli mpaka Nyamasaria. Katikati ni Mama Aoko na birika lake la kahawa. Ijumaa hiyo, Agosti tisini na tano, alikuja Mzee Joram na bahasha ya ndege mkononi, uso umemshuka kabisa. Mwanawe Dishon, ambaye mtaa mzima tulimfanyia harambee aende Uholanzi kusomea mambo ya maji, alikuwa ametuma picha. Na kesho yake Mzee alikuwa anaenda Webuye, kwa kina Maximilla, mchumba wa Dishon, kufungua mazungumzo ya ndoa. Wakwe walikuwa wameomba waione sura ya bwana harusi.

— Si ulete tuone, akasema Stesheni.

Mzee akaiweka kwa benchi. Dishon, shati jeupe, tai, anacheka mpaka jino la mwisho. Juu ya baiskeli. Nyuma kwa keria amekaa msichana wa kizungu, amemkumbatia tumbo kwa mikono miwili.

— Mama yangu! Kengele akaruka. Dishon amekuwa boda boda!

— Nyamaza wewe.

— Mzee, na huyu si mteja? Halafu keria haina hata sponji, anakalisha mtu kwa chuma! Na mteja mwenyewe ni muoga. Wangu hushika chini ya kiti. Huyu anashika dereva tumbo.

— Hajazoea, nikasema.

— Nimekwisha, akasema Mzee Joram. Wakwe niliwaambia ana gari. Nyekundu.

— Mpaka rangi uliwaambia? akauliza Mama Aoko.

— Si waliniuliza!

Stesheni akavaa miwani, akachukua barua, akasoma kwa sauti ya kutangaza treni: “Baba, huku sasa ni majira ya joto, jua linatua karibu saa nne ya usiku. Shule naenda na baiskeli. Hata profesa anakuja na baiskeli. Likizo hii nimeendesha siku kumi na mbili mpaka baharini, nikilala kwa hema.”

— Hema! Mzee akashika kichwa. Mtoto wangu amekuwa mkimbizi.

— Tulia, omera, ndugu yangu, akasema Stesheni. Hii mambo iko wazi. Profesa ndiye mwenye baiskeli zote. Mchana anafundisha, jioni wanafunzi wanambebea watu.

— Na jua la saa nne? Mzee akauliza.

— Hiyo ni serikali. Wameliacha liwake ili boda boda wasinunue taa. Halafu ile nchi iko chini ya bahari, nilisoma. Maji yakija, mwenye gari bado anatafuta ufunguo, mwenye baiskeli ameshafika mlimani. Ndio wahenga wakasema mwenda pole hajikwai.

— Lakini nyinyi wanaume, Mama Aoko akaanza. Alikuwa ameinamia ile picha muda mrefu. Hamuoni kwamba...

— Mama, mimina kahawa. Tuko na shida ya baiskeli hapa.

Akamimina. Jicho lake halikutoka kwa ile picha.

— Mimi nasema wahenga walishamaliza, akaendelea Stesheni. Mficha uchi hazai. Kwa hivyo tufiche. Fundi, toa makasi.

— Ngojeni kwanza, Kengele akasimama. Kwani baiskeli ni aibu? Nyote hapa nimewabeba! Stesheni nilikubeba ukiwa na gunia la mahindi!

— Kengele, wewe hatukukufanyia harambee.

Akakaa.

Makasi yangu ni ya kitambaa. Karatasi inaua makali, hata mke wangu haruhusiwi kuyagusa. Lakini nilimwangalia Mzee Joram, mtu wa kujisifu tangu nimjue, leo hata kahawa imempoa mkononi. Nilimhurumia sana. Nikayatoa.

— Anza na gurudumu, Stesheni akaamuru.

Nikakata.

— Usukani. Hapo, bado naona kengele.

Nikakata.

— Keria.

— Na mteja je? nikauliza.

— Mteja bila baiskeli amekaa juu ya nini? Toa!

Nikamtoa, nikifuata ubavu wa shati kama ninakata koti la harusi. Vipande vikaanguka miguuni. Akabaki Dishon peke yake, kuanzia tumbo kwenda juu, tai na cheko. Ungesema ni waziri msaidizi. Stesheni akaisogeza picha mpaka puani.

— Safi. Hata spoku moja hakuna.

Mzee Joram akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na hapo hapo akafika Maximilla mwenyewe, mwalimu wa chekechea hapa mtaani, begi begani, anatangulia kwao Webuye na basi la saa nane. Akatusalimu mmoja mmoja kwa mkono.

— Baba, nimesikia picha imefika.

— Imefika, mama! Tazama bwana yako!

Akafuta kiganja kwa rinda kabla ya kuishika. Miaka miwili hajamwona. Akatabasamu, na mimi roho ikatulia.

— Amenenepa, akasema.

Kisha macho yakashuka chini ya tai.

— Baba, hii mikono ni ya nani?

Tukainama wote. Ilikuwepo. Mikono miwili myeupe, imelala juu ya tumbo la Dishon, vidole vimefumana. Tulikuwa tumetafuta spoku.

Stesheni, aliyejua mpaka mambo ya jua, akakohoa. Kengele akaanza kukagua mnyororo wake. Mzee Joram akampa Mama Aoko kikombe aongezewe, Mama Aoko akatikisa birika, halikuwa na kitu.

Mimi nilisogeza mguu kidogo tu, nikakikanyaga kile kipande cha mteja.

— Fundi, akasema Maximilla taratibu, inua mguu.