Chupa ya Majani

Mama: Haloo? Nani mwenzangu? Sina miwani hapa.

Odeta: Mama, ni mimi, Odeta. Shikamoo.

Mama: Marahaba, mwanangu. Mbona unapiga saa hizi? Saluni umemwachia nani?

Odeta: Wateja wanasubiri. Mama, dripu imeisha?

Mama: Mtandao unakatakata. Huko Mabatini mvua imenyesha?

Odeta: Mama. Dripu.

Mama: Leo hawakunitundikia.

Odeta: Kwa nini? Si ndiyo ya tatu hii—

Mama: Damu iko chini. Na mzani unasema nimepungua kilo sita. Mzani wao nao, sijui kama—

Odeta: Kilo sita!

Mama: Ini nalo haliko sawa. Daktari kaniuliza mara mbili, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

Odeta: Ukamjibuje?

Mama: Nikasema hakuna.

Odeta: Na chakula?

Mama: Nikasema sina hamu. Nesi akanigombeza. Eti dawa ile ya dripu inataka mwili ulioshiba. Samaki, mayai, maziwa, vyote nile.

Odeta: Lakini hamu si unayo? Mimi ndiye—

Mama: Haloo? Haloo?

Odeta: Unanisikia, mama. Nilikukataza samaki, nikamwaga na maziwa yako ya mgando huku unaniangalia.

Mama: Ulisoma kwenye lile kundi la WhatsApp la kwaya kwamba yanalisha saratani. Hukuwa na nia mbaya.

Odeta: Wiki tano. Nakuchemshia majani unywe, asubuhi, mchana, jioni.

Mama: Na uchungu ule! Hata mbuzi wa kaka yako angekataa. [anacheka, anakohoa]

Odeta: Usicheke. Kwa nini hukumwambia daktari?

Mama: Angeuliza nani kanipa.

Odeta: Ungemtajia.

Mama: Nikutaje wewe? Wewe unayenishika mkono usiku kwenda chooni?

Odeta: Uko wapi sasa?

Mama: Getini hapa hospitali. Namsubiri kaka yako Maige, kaenda kutafuta bajaji.

Odeta: Usipande. Rudi ndani. Ile chupa unayo?

Mama: Iko kwenye mkoba. Ya mchana bado sijanywa.

Odeta: Usinywe! Mpelekee daktari aione. Mwambie ni mimi.

Mama: Nitasema ni jirani.

Odeta: Mama! Mwambie ni Odeta, mwanao wa kumzaa. Akitaka kunisema, mpe namba yangu anipigie.

Mama: Haya, haya. Usilie mbele za watu.

Odeta: Silii— Dakika zangu zinaisha. Nenda, mama, kabla daktari hajatoka.

Mama: Naenda. Odeta?

Odeta: Abee.

Mama: Hapa getini kuna mama anakaanga samaki, sato wa ziwani. Tangu saa nne ninamtazama tu. Naruhusiwa?

Odeta: Kula, mama. Kula mzima. Haloo? Mama, umenisikia? Haloo?