Mkono wa Mapovu Mgongoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo, isije ikaungua halafu lawama zikaja kwangu. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi mahali ambapo hata sauti ya redio haifiki. Chini ya maji.

Bandarini wote walimwita Mapovu. Akishazama, mapovu ndiyo pekee yaliyobaki kuonyesha alipo. Alikuwa mzamiaji wa kwanza pale kushuka na mtungi wa hewa mgongoni. Nasema wa kwanza. Kabla yake watu walishuka na pumzi zao tu, wakarudi macho yamewatoka pima.

Alianza na mdogo wake, ambaye alikuwa mchomeleaji. Walichukua mtungi wa kuzimia moto, wakauchomelea kibao cha chuma, wakaufunga kwa mikanda ya viti vya lori. Mwalimu hawakuwa naye. Kitabu hawakuwa nacho. Majaribio waliyafanya uani, kwenye pipa la maji.

Mjane wake anasimulia mpaka leo. "Jirani alikuja mbio, ananiita, 'Shemeji, njoo, mumeo kajitumbukiza kwenye pipa kichwa chini!' Nikamwambia mwache huyo, njaa ikimbana atatoka mwenyewe."

Alitoka, wasikilizaji. Alitoka anacheka.

Baadaye bandari ikanunua mitungi ya kweli. Ya kweli, lakini ya enzi zile. Haikuwa na kipimo cha hewa. Mzamiaji alijua hewa inaisha pale inapoanza kuwa nzito kuvuta. Hapo alipeleka mkono mgongoni, upande wa kushoto, akavuta chini kifimbo cha waya, na akiba kidogo ikafunguka. Akiba ya kumrudisha juu, basi. Kwa hiyo kabla ya kuzama, kifimbo kilitakiwa kiwe juu. Kikiwa tayari kimeshuka, akiba inatumika pamoja na hewa nyingine, wala mwenyewe hajui. Naomba hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Sasa, binti yake Mapovu naye akawa mzamiaji. Yeye amesoma, ana vyeti, ni mkufunzi kwenye bwawa moja la kuogelea. Mitungi yake ina vipimo, kuna makoti ya kuelea, na kila kitu. Kifimbo cha waya hajawahi kukitumia hata siku moja. Na ana sheria moja ambayo haina mjadala: hakuna anayeingia majini kabla mwenzake hajamkagua. Mkanda, mtungi, hewa. Kila mtu amkague mwenzake.

Kwenye ukuta wa darasa lake ipo picha ya zamani. Vijana wawili wamesimama kwenye boti, vifua mbele, mikanda ya lori mabegani, meno yote nje. Baba yake na baba yake mdogo. Kila wanafunzi wapya wakija, huwaonyesha. "Hawana kipimo," huwaambia. "Hawana koti la kuelea. Hawajakaguana. Kila kisichotakiwa, hapa kipo." Wanafunzi hucheka ile mikanda. Kisha humalizia, "Mmoja wa hawa hakurudi. Wala siyo ajabu."

Nyumbani aliambiwa kwamba maji yalimchukua baba mdogo. Hayo tu. Ukiuliza zaidi, mama anainuka kwenda kuangalia jikoni, na baba anatoka nje. Kwa hiyo binti alikata kauli mwenyewe: baba yake alikuwa mtu wa kujitapa, na kujitapa kwake kuliua mtu. Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini alimpenda shingo upande.

Na Mapovu alikuwa na kajitabia kake. Hakuagana na mtu bila kumpitishia mkono mgongoni, upande wa kushoto, kutoka begani hadi kiunoni. Mke, wajukuu, fundi aliyekuja kuziba bomba. Wote. Wajukuu walisema babu anatafuta viroboto. Binti alikuwa akijikunyata na kusema, "Baba jamani, mimi mtu mzima." Mzee anacheka tu, lakini mkono haukomi mpaka ufike kiunoni.

Siku moja binti alisahau funguo nyumbani kwa wazazi. Mzee akampelekea darasani. Alikuta somo linaendelea, akavua kofia, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Binti alikuwa amewapa wanafunzi mgongo, anaonyesha picha. Hakumwona.

Mzee alisikia yote. Kipimo. Koti. Hawajakaguana. Alisikia vijana wakicheka. Alisikia, "Wala siyo ajabu."

Binti alipogeuka, macho yao yakakutana. Mzee aliinuka taratibu, akaja mbele, akaweka funguo mezani. Akampitishia mkono mgongoni kama kawaida yake. "Umefundisha vizuri, mama," akasema. Akavaa kofia, akaondoka.

Binti alipanga kwenda kuzungumza naye. Alipanga Jumapili, ikaja dharura. Akapanga nyingine, wanafunzi wakawa na mtihani. Kisha kifua cha mzee kikabana ghafla, na Mapovu akatutoka.

Msibani binti alikaa kama gogo. Watu walimpa pole, akaitikia bila kujua anamwitikia nani. Hakuumizwa na kifo peke yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba baba yake ameondoka akiamini mtoto wake anamwona mjinga na muuaji.

Ndipo alipokaa kando yake mama yake mdogo, mjane wa yule mchomeleaji. Mama mkimya, wa maneno ya kuhesabu. Akamshika mkono. "Mwanangu, unajua kwa nini baba yako alikuwa anatupapasa migongo?"

Binti akatikisa kichwa.

"Alikuwa anakitafuta kifimbo."

Wasikilizaji, mama huyu alieleza, na mimi nawaeleza kama alivyoeleza. Siku ile mumewe alipofia majini, kamba ilikuwa imejisokota kwenye rafadha ya meli, yale mapanga yanayoisukuma. Nahodha alikuwa anafoka. Ndugu wawili walivaa haraka. Mdogo alipojipenyeza kutoka kwenye boti, kifimbo chake kilinasa ukingoni kikashuka. Kaka yake alikuwa nyuma yake, hatua moja. Hakutazama. Enzi zile kumkagua mwanamume mwenzako ilikuwa kumvunjia heshima, sawa na kumfungia mtu mzima vifungo vya shati. Basi hakutazama. Hewa ya mdogo ilipokuwa nzito, alivuta kifimbo. Hakikuwa na kitu cha kufungua.

Mapovu hakuzama tena. Alibaki juu ya boti miaka yote, akiwavalisha wengine mitungi na kuwapapasa migongo. Walimtania sana. Lakini kwenye boti yake hakupotea mwingine.

"Siku ile aliyotoka darasani kwako," mama mdogo akaendelea, "alikuja moja kwa moja kwangu. Sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika mdogo wake. Siku hiyo alilia. Akaniambia, 'Shemeji, mtoto anawafundisha wakaguane. Na wanakubali! Wanageuziana migongo bila aibu. Angekuwepo yeye siku ile, mumeo angekuwa hai.'"

Hapo binti akaangua kilio. Mama mdogo akamwacha alie.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapima watangulizi wetu kwa mizani ya leo, na mizani hiyo siyo ya uongo. Mapovu alikosea. Binti yake alisema kweli, na mzee mwenyewe alikuwa ameshajihukumu kabla binti hajazaliwa. Ila picha ukutani haikuonyesha miaka iliyofuata.

Kwa mjane, kwa mama mdogo, kwa binti na wajukuu: poleni. Poleni sana. Sisi wa hapa studioni tunalia nanyi. Nawe unayenisikiliza, kama yupo mzee wako uliyemhukumu na bado anapumua, usisubiri Jumapili.

Wakati wa kuaga, waombolezaji walipita mmoja mmoja mbele ya jeneza. Binti alipofika, aliinama. Akaweka mkono juu ya jeneza, upande wa kushoto, akaushusha polepole kutoka kwenye bega hadi kiunoni. Waliokuwa nyuma yake kwenye mstari walisubiri mpaka akamaliza.