Farasi Aliyekonda wa Kaka Évariste

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, na ninyi majirani wa Malvern mliosimama nje kwa kuwa viti havikutosha, familia imenipa mimi, Marcellin Kakule, fundi cherehani, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake.

Kaka yetu Évariste Kasereka alizaliwa Butembo, tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi na sekondari palepale, kisha chuo cha ualimu Bukavu, akatoka mwaka 1986 akiwa mwalimu wa historia, mtu wa vitabu hasa, aliyewasahihishia wenzake hata barua za posa. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na mama Jeannine Masika, huyu aliyekaa hapa mbele, vita ikawatoa nyumbani, wakafika Johannesburg mwishoni mwa mwaka 2000, na tarehe 3 Mei 2001 Mungu akawapa Falonne, mtoto wao wa pekee.

Hapa diploma yake haikumfaa kitu, akawa mlinzi wa duka Cyrildene, mtaa wa Wachina, na mwaka 2015 alimjua Mzee Shen, mwalimu mstaafu aliyeuza majani ya chai mlango wa pili, mzee ambaye akishafunga duka alitandaza kitambaa cha hariri mezani na kuchora farasi kwa wino. Mzee huyo alimweleza kwamba zamani kwao wasomi walichora hivyo bila kuuza, waliwapa marafiki, na nchi yao ilipotekwa, wale waliokataa kuwatumikia watawala wapya walichora farasi waliokonda, mbavu nje, kichwa chini, na aliyeona alielewa. Kaka alirudi nyumbani siku ile akatuambia amekuta watu wake. Tulicheka sana, eish, Mnande, mtu wa kwetu Butembo, na farasi wapi na wapi, mama Jeannine akamwuliza kama huyo farasi atapikwa na sombe, majani yetu ya muhogo.

Lakini alijifunza, ndugu zangu, alijifunza miaka mitatu, Jumamosi alikuwa akienda Turffontein kuwatazama farasi wa mashindano kupitia wavu, wanene, wanang'aa, kisha anarudi kuchora waliokonda. Alitufundisha hata sisi tusiotaka kwamba hariri haina kufuta, mstari ukishapita umepita, na kwamba mchoro wa msomi haujaisha mpaka rafiki aandike maneno yake pale palipoachwa wazi, ndiyo maana kila farasi wake alisimama upande mmoja, na upande wa pili Mzee Shen aliandika. Mzee Shen alifariki Juni 2018, na tangu hapo farasi wa kaka walibaki na nafasi tupu, akawa anawaleta kwenye butike yangu ya ushonaji, pale karibu na robot, taa za kuongoza magari, Jules Street, nimtunzie.

Jumapili tarehe 1 Septemba 2019 mnajua wenyewe kilichotokea Jules Street, maduka yetu sisi wageni yalipovamiwa na kuchomwa moto. Butike iliungua, cherehani ziliungua, na farasi wote wa kaka waliungua, wale walioandikwa na wale waliokuwa wakingoja, na kaka alisimama kwenye majivu akaniuliza kama mimi nimeumia, basi, hakuuliza kingine. Tarehe 19 mwezi uleule alipata kiharusi, mkono wa kuume ukafa.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha hariri nyumbani. Mwezi wa Oktoba alikitandaza kwenye fremu, akachanganya gundi na shabu kwa mkono wa kushoto, akapaka nusu, akachoka, akasema nusu nyingine kesho, na kwenye ile nusu iliyopakwa akachora farasi wake wa mwisho, siku kwa siku, ubavu mmoja mmoja, ametetemeka kila mahali lakini anasimama. Alimwambia Falonne kwamba ile nusu iliyobaki tupu ni yake, aandike yeye, kwa Kiswahili cha nyumbani, ili kibaki hata kitu kimoja cha kuonyesha kwamba walitoka mahali. Falonne, mnamjua, Kiswahili anakisikia vizuri, akijibu ni Kizulu na Kiingereza, aliona haya, akawa anasema kesho, papa. Tarehe 6 Novemba, asubuhi, kaka alitutoka akiwa hospitalini.

Mtoto alilia kisha akaniomba nimwandikie maneno kwenye karatasi, akafanya mazoezi juu ya magazeti mpaka sebule ikajaa, na juzi Alhamisi, mbele yetu sote, akachukua brashi ya baba yake na kuandika. Hakuna kati yetu aliyekumbuka gundi. Hariri isiyopakwa gundi inakunywa wino, na ile nusu ya kesho haikupakwa kamwe, basi herufi zilivimba, zikashikana, zikawa doa moja jeusi, na mtoto amesimama na brashi mkononi anauliza amekosea herufi gani. Hukukosea, mwanangu, umeandika sawasawa. Sina cha kukufariji nacho, na Mungu anisamehe, leo sioni kilichobaki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wenzake wa Cyrildene waliofika na sare zao, kwaya, na majirani wetu wenyeji mliotupikia wiki nzima, ninyi pia mlipoteza mali siku ile ya moto.

Kitambaa mnachokiona juu ya jeneza ni kile, tutamzika nacho. Mkipita kuaga mtamwona farasi, na pembeni yake mtaona doa, msidhani ni uchafu, pale binti yake ameandika kwa Kiswahili, na kwa kuwa hakuna atakayeweza kupasoma tena, ninawasomea mimi: Pumzika kwa amani, papa.